Mlango wa msikiti ulinasa jeneza likiwa ndani, nikamlaumu asiye na kosa: hesabu ya milimita saba

Assalaam aleikum wakuu. Na ndugu zangu ambao salamu yenu si hiyo, hamjambo nyote.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Hupenda nyuzi za ufundi, nasoma, namshukuru Mungu, nafunga simu. Leo nimeswali alasiri, nimekaa barazani kwangu hapa Kisauni, nimeona niandike jambo langu mwenyewe. Yote ni kweli. Na penye aibu yangu sitapaka vanishi.

Mimi ni seremala. Kazi hii nilirithi kwa baba, Mungu amrehemu, na nimeifanya tangu ndevu hazijaota mpaka sasa zimekuwa nyeupe. Milango ndiyo kazi yangu hasa.

Msikiti wetu wa mtaani ulikuwa na mlango mkuu uliokwisha kuliwa na mchwa. Nikaiambia kamati, mlango huo naufanya mimi, ni sadaka ya marehemu baba yangu. Wakafurahi. Na mimi nikafurahi, pengine kupita kiasi.

Mbao nilizichukua kwa Salim. Huyu Salim ana yadi ya mbao hapa hapa Kisauni, tunaswali safu moja miaka mingi. Watu humwita Salim Mbao. Ni mtu mpole, hasemi sana. Alinitolea mahogani iliyotoka bara, safi, haina fundo wala ufa.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, jua la kaskazi linawaka, nami nataka mlango usimame kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nikafanya kazi kwa haraka. Nzuri, lakini ya haraka.

Mlango ulikuwa wa mbawa mbili, unafungukia ndani. Kila ubawa upana wake milimita mia sita kamili. Vipimo niliviandika kwa penseli juu ya fremu, kama nilivyofundishwa. Nafasi niliyoacha ilikuwa milimita mbili kila upande na mbili katikati. Baba alikuwa akisema, mlango wa fundi hupitisha karatasi, haupitishi kidole.

Wakuu, hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili litarudi mbele.

Milango yetu ya zamani ya pwani ina kipande cha mti kinachosimama katikati, pale mbawa mbili zinapokutana. Kinaitwa mfaa. Wengine hukichora nakshi, wengine hukiacha kitupu. Mimi sikukiweka. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, "Mzee Bakari, mbona mlango hauna mfaa?" Nikamjibu, "Mfaa ni wa kuficha kazi mbaya. Hapo katikati hupati la kuficha."

Watu wakacheka. Nikaona nimesema neno.

Ramadhani yote mlango ulikuwa fahari ya mtaa. Wageni wakipita wakiupapasa. Ikaja Idi, ikapita, masika yakaanza.

Mlango ukaanza kuwa mzito. Mwadhini akaniambia unakwaruza. Nikausugua sabuni ya kipande pembeni, nikasema utalainika wenyewe. Sikupima.

Kisha akafariki Bi Mwanaisha.

Huyu mama alifundisha watoto Kurani katika ukumbi wa nyumba yake zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya wanaume waliosimama kumswalia siku ile, yeye ndiye aliyewafundisha alifu. Na mimi wanangu wote watatu walipita mkononi mwake.

Jeneza liliingizwa msikitini kabla ya adhuhuri. Mvua ya masika mnaijua nyie wa huku: ikageuka na upepo, ikaanza kupiga ndani, mikeka ya nyuma ikalowa. Vijana watano wakaenda kufunga mlango. Haukutaka. Wakausukuma kwa mabega, mbawa zote mbili pamoja, mpaka zikaingia kwa kishindo.

Tukaswali. Tukamswalia maiti. Tukanyanyua jeneza. Tukafika mlangoni.

Mlango haukufunguka.

Kumbukeni, unafungukia ndani. Kuufunga unasukuma kwa bega. Kuufungua unavuta kwa pete ya shaba tu. Wakavuta mpaka pete moja ikang'oka na skrubu zake; walio nje wakasukuma, haukutikisika. Jeneza liko mabegani, watu wanasubiri.

Mwishowe imamu akaonyesha mlango mdogo wa ubavuni, ule wa kuelekea birika la kutawadhia. Ni mwembamba, una ngazi nne, na siku ile ngazi zilikuwa zinateleza. Ikabidi jeneza lilazwe upande. Mwana mkubwa wa Bi Mwanaisha alishika miguu ya mamake juu ya sanda asije akateleza. Nilimsikia akisema, "Pole mama. Pole mama."

Wakuu, mimi nilikuwa nimesimama pale. Mlango wangu, sadaka ya baba yangu, umemfanyia hivyo mwalimu wa watoto wangu.

Ile aibu ilinijaa mpaka kooni, na badala ya kuimeza nikaitema. Salim alikuwa miongoni mwa waliobeba, bega la mbele kushoto. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Huyu! Huyu ndiye aliyeniuzia mbao mbichi! Mtu wa safu ya kwanza, anauzia nyumba ya Mungu mbao mbichi!"

Salim aligeuza uso akanitazama. Hakujibu. Akashuka ngazi na jeneza lake.

Jioni tuliufungua mlango kwa mtaimbo, tukazitoa mbawa kwenye bawaba, tukaziegemeza varandani. Pakatundikwa turubai.

Salim hakuonekana tena msikitini kwetu. Mtaani neno likatembea, nanyi mnajua neno linavyotembea. Wanunuzi wakampitia mbali, "yule wa mbao mbichi." Baada ya wiki chache tukasikia yadi ameifunga kwa muda, yuko Mikindani kwa shemeji yake.

Nami nikaona sawa tu. Nasema kweli, niliona sawa. Nilikuwa nikilala usingizi.

Sasa aje Kazungu.

Kazungu ni seremala mwenzangu, kwao Kaloleni, Mkristo wa kanisa hasa, kila Jumapili hakosi. Tulifahamiana zamani katika karakana moja ya samani huko Bamburi. Ni mdogo wangu kwa miaka kama kumi na mbili. Nilimwomba aje anisaidie kuzichonga upya zile mbawa.

Alikuja na mkoba wake, akatoa kidude chenye sindano mbili. Nikamwuliza, "Umekuja kumchoma nani sindano?"

"Mgonjwa si huyu varandani?" akasema. "Hii ni mita ya unyevu, mzee. Inasema mbao ina maji kiasi gani ndani yake."

Akazichomeka zile sindano. Namba ikaja kumi na tano. Akachoma mahali pengine, kumi na tano. Ubawa wa pili, hivyo hivyo.

"Kumi na tano ndiyo hewa ya masika ya huku," akasema. "Mbao yoyote ukiiacha varandani hapa wakati huu itafika hapo. Haya, upana?"

Nikapima. Mia sita na saba. Ubawa wa pili, mia sita na saba.

Kazungu akatazama ile penseli yangu juu ya fremu: 600. Akauliza polepole, "Mzee Bakari, nani alikwambia mbao hizi zilikuwa mbichi?"

"Huoni zilivyonasa?"

"Naona. Lakini mti mbichi ukikauka hufanya nini?"

"Hupungua."

"Na mlango wako umefanya nini?"

Wakuu, mlango wangu ulikuwa umepanuka.

Zaidi ya miaka arobaini nachonga mbao. Kila mwanagenzi niliyemfundisha nimemwambia: mti mbichi hupungua, ukiufanyia mlango utabaki na mwanya wa paka kupita. Jambo hilo nalijua kama jina langu. Na siku ile halikunijia hata kidogo. Kwetu neno "mbichi" ndilo tusi la kwanza mtu hulirusha mbao zikiharibika, nami nililirusha bila kulifikiri.

Kazungu akachukua kipande cha plaiwudi akaandika. Nawaandikia nanyi, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonihukumu.

Kwa unyevu mti haurefuki kiasi cha kutajika, hupanuka kwenda upana. Na kila mti una namba yake. Kwa mahogani iliyopasuliwa kama ile, alisema, shika milimita mbili kwa kila mita moja ya upana, kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka. Unyevu ukishuka, inapungua kwa namba hiyo hiyo.

Ubawa wangu ni mita sifuri nukta sita. Kwa hiyo kila asilimia moja ya unyevu ni milimita moja na kidogo, moja nukta mbili.

Umepanuka milimita saba. Saba gawanya kwa moja nukta mbili. Inakuja karibu sita.

Sasa unyevu ni kumi na tano. Toa sita.

Tisa.

"Mbao zako zilikuja na unyevu wa tisa," akasema Kazungu. "Hizi zimetoka tanuri, mzee. Zilikuwa kavu kuliko mimi na wewe. Zimefika pwani zikiwa na kiu, zikanywa."

Nikabisha. Nikamwambia labda mita yako mbovu.

"Haya, tufuate neno lako," akasema. "Tuseme zilikuja mbichi, unyevu ishirini na tano. Zishuke mpaka kumi na tano. Ni kumi hizo. Mara moja nukta mbili, kumi na mbili. Leo tungepima mia tano themanini na nane, na mlango ungekuwa unapiga makofi kwa upepo." Akaweka penseli sikioni. "Mti haujui Mwislamu wala Mkristo, mzee. Wala haujui nani kakasirika. Unakunywa tu."

Akanionyesha la mwisho. Saba kwa mbawa mbili ni kumi na nne. Nafasi niliyoacha yote pamoja ilikuwa sita. Mlango ule ulikuwa umehukumiwa kunasa tangu siku niliposimama mbele yake nikisifiwa.

Hapo ndipo likanijia neno nililolisahau. Au nililojisahaulisha, Mungu ndiye ajuaye.

Siku ile yadini, Salim alinambia, "Mzee Bakari, hizi zimekaushwa tanuri huko bara. Zipe muda zizoee hewa yetu kabla hujazipiga randa."

Nami nikamjibu, "Bwana wee, mimi nimeanza kazi hii wewe unanyonya."

Na baba yangu hakusema lile la karatasi peke yake. Alisema maneno mawili. La kwanza, mbao ya mlango ionje masika mawili kabla haijakatwa. Alizipanga nyuma ya nyumba chini ya makuti, zikakaa. La pili ndilo la karatasi. Mimi nikashika la pili, la kujisifia, nikaacha la kwanza, la kusubiri.

Sikulala vizuri tena.

Enyi tuliosoma dini, tunajua. Dhambi baina yako na Mola wako, mlango wa toba uko wazi. Lakini haki ya mja ni haki ya mja. Ukimdhulumu mtu, swali utakavyo, funga utakavyo, deni liko kwake. Yeye asiposamehe, mtakutana siku ambayo hakuna kalkuleta.

Jumatatu nikaenda Mikindani.

Mkewe Salim, Bi Zuhura, alinifungulia. Akaniamkia kwa adabu, akaniweka kiti, akaleta kahawa. Hakunitazama usoni. Salim akatoka ndani, akakaa. Alikuwa amekonda.

Nikamweleza yote. Tisa, kumi na tano, milimita saba. Nilikwenda na kile kipande cha plaiwudi. Akakisoma, akakiweka chini.

"Hesabu ni sawa," akasema.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Salim."

Akazungusha kikombe. Kisha akasema, na sauti haikupanda hata kidogo, "Mzee Bakari, unajua kilichoniuma si kuitwa mwizi. Nilikuwa na maiti begani. Na mtu aliyebeba maiti habishani. Ulinisema mahali ambapo siwezi kujibu."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Bi Mwanaisha alinifundisha mimi pia," akasema. "Nilimzika nikiwa na jina hilo."

Nikamwomba tena. Akasema, "Hapa tuko watatu, na mke wangu hakuwahi kuamini. Unaniomba hapa kwa nini? Sema pale uliposema."

Nikarudi Kisauni.

Ijumaa ile imamu alinipa ruhusa. Baada ya swala nikasimama msikitini pale pale, mbele ya turubai, na mbawa mbili zimeegemea ukuta. Nikapima mbele ya watu. Nikawasomea namba ya penseli. Nikawafanyia hesabu, polepole, hata wazee wasiojua kusoma wakafuata kwa vidole. Kisha nikasema: "Salim aliniuzia mbao kavu, na alinionya. Mimi ndiye niliyeharibu, na mimi ndiye niliyemsingizia mbele ya jeneza. Aliyelichukua neno langu kwenda nalo mtaani, na alirudishe."

Mzee mmoja rafiki yangu akaninong'oneza, "Ungenyamaza tu, sheikh. Yamekwisha kupita."

Nikamwambia, "Kwake hayajapita."

Mwana wa Bi Mwanaisha nilimwomba radhi siku hiyo hiyo. Akanishika mikono miwili, akasema mama yake angenicharaza bakora kwanza ndipo anisamehe. Tukacheka, na macho yametulowa.

Salim hakuwepo.

Tukaanza kuurekebisha mlango, mimi na Kazungu. Safari hii tulipiga hesabu kwanza. Mbao sasa ziko kumi na tano, zimenenepa kadiri zinavyonenepa kwa kawaida. Kaskazi ikija zitashuka mpaka kama kumi na mbili. Asilimia tatu hizo, karibu milimita nne kwa kila ubawa. Kwa hiyo ukiacha nafasi ya kutosha masika, kaskazi katikati patakuwa na mwanya wa kidole kizima.

Nikamwuliza Kazungu, "Huo mwanya tutauficha na nini?"

Akanitazama. Akaanza kucheka. Na mimi nikaelewa, nikakaa chini.

Mfaa.

Wazee wetu hawakuwa na mita za sindano. Lakini walijua mti utapumua kila mwaka, wakauwekea kipande cha kusimama katikati, kimefungwa kwenye ubawa mmoja tu, ili wa pili uende na kurudi nyuma yake bila mtu kuona. Nami nilisema ni cha kuficha kazi mbaya.

Nikahitaji mti wa mfaa, na nilitaka ulioonja masika. Kwangu hakuna. Nikauliza kwa huyu na yule, hakuna.

Siku ya tatu, asubuhi, niko varandani kwa msikiti napiga randa. Nikaona mtu anakuja na kipande kirefu cha mti begani. Bega la kushoto.

Salim.

Akatoa salamu, nikaitikia. Akakilaza kile kipande juu ya benchi langu.

"Nasikia watafuta mfaa. Huu uko yadini kwangu tangu mwaka juzi. Umeonja masika mawili."

Nikasema, "Mungu akuzidishie," nikanyoosha mkono kuchukua msumeno.

"Pima kwanza," akasema.

"Salim, sina haja ya kukupima wewe."

"Pima, Mzee Bakari. Siku ile hukupima."

Kazungu akanipa mita. Nikachoma sindano vibaya, nikachomoa, nikachoma tena. Ikaja kumi na nne.

Nikaisoma kwa sauti: "Kumi na nne."

Salim akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akisubiri namba hiyo tangu siku ya mazishi. Akavua viatu, akaingia ndani kuswali rakaa mbili. Alipotoka alipita karibu yangu, akaniwekea mkono begani, akasema, "Nimekusamehe, duniani na akhera." Kisha akainama, akashika upande wa pili wa ule mti ili nikate.

Alhamdulillah.

Mlango umekwisha kupita masika mengine. Maiti wametoka humo kwa mbawa zote mbili wazi, na yadi ya Salim ina watu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mti ukikugeukia, pima kabla hujamtaja mtu. Na ukiwa umekwisha kumtaja, rudi ukaseme pale pale uliposema, kwa sauti ile ile.

Mafundi mlio Likoni, Changamwe na kwingineko, nambieni nyinyi mwaacha nafasi kiasi gani kwa mbao za tanuri, na mwazipumzisha muda gani. Mwenye namba za mvule na mninga aziweke hapa tunufaike sote. Na aliye na mtu wake aliyemdhulumu, kama Salim wangu wa Mikindani, baraza ni hii. Nawasoma mpaka magharibi.